Sahihi Mbili, Soda Mbili

Niliuza miti ya jirani yangu kwa soda moja ya machungwa. Sikujua kwamba nauza, lakini hata mbuzi anayekula sare ya mtoto kwenye kamba hajui kwamba ni sare, na bado hupigwa.

Wacha nianze na mimi mwenyewe, maana bila kunijua mtu anaweza kudhani nilikuwa mkora. Ukora unahitaji kutembea, na mimi ni mtu wa nyumbani. Cherehani yangu iko barazani, baraza liko mbele ya mlango, na kutoka kitandani hadi kazini ni hatua tisa. Tunakaa nyuma kabisa ya mtaa wa Migosi, pale nyumba za kupangisha zinapoisha na vichaka vinapoanza, na watu wa njia yetu husema kwamba siku nitakayokufa itabidi waandike barua ya kuniomba nitoke. Nashona sare za shule. Ukutani, juu ya kalenda, nimetundika cheti changu cha kidato cha nne ndani ya fremu, na kwa sababu ya fremu hiyo mtaa mzima huniletea karatasi zake. Barua za shule, fomu za hospitali, fomu za chama cha akina mama, zote hupitia chini ya sindano yangu. Huniita fundi, lakini wakiwa na karatasi mkononi huniita mwalimu, na mimi huitika yote mawili.

Mkutano wenyewe ulifanyika hatua ishirini kutoka kwangu. Ungefanyika hatua hamsini, nisingeenda, na miti ingekuwa imesimama hadi leo. Walisimamisha hema jeupe mwisho wa njia, wakapanga viti vya plastiki, na bwana mmoja mwenye shati la mikono mirefu na faili la buluu akasimama mbele. Ulikuwa mkutano wa kushirikisha umma. Huku kwetu maneno hayo yana maana moja: unaingia, unaandika jina, unaandika namba ya kitambulisho, unatia sahihi, unapewa soda na mandazi mawili. Hakuna anayeuliza ile karatasi ni ya nini. Ukiuliza, soda inapata moto na walio nyuma yako kwenye foleni wanaanza kukohoa.

Bwana wa faili alizungumza juu ya maendeleo. Ploti iliyo ng'ambo ya kijito ilikuwa imenunuliwa, zingejengwa nyumba za ghorofa, na njia yetu ingewekwa murram, ule udongo mwekundu wa kokoto unaozuia tope. Kwenye murram tulipiga makofi. Katikati ya maneno hayo alitaja "usafishaji wa ploti", na mimi nikafikiria mtu mwenye fyekeo akikata majani. Hivyo ndivyo elimu yangu ilivyofanya kazi siku hiyo.

Nikatia sahihi yangu. Kisha nikatia ya jirani yangu.

Huyu jirani ni mama mjane, makamo ya mama yangu kama angekuwa hai, na kati ya nyumba yake na yangu kuna ua wa miiba tu. Siku hiyo alikuwa amekwenda kijijini Pap Onditi kumwona dada yake mgonjwa. Sasa, kwetu fungu la asiyekuwepo haliachwi. Iwe matanga, iwe harusi, iwe sherehe ya kanisa, aliye karibu humchukulia jirani yake sahani, akaifunika kwa sahani nyingine, akampelekea. Anayerudi mikono mitupu ndiye anayesemwa. Kwa hiyo sikuona dhambi. Namba ya kitambulisho chake nilikuwa nimeikariri kwa kumjazia fomu miaka yote, na sahihi yake naijua: herufi kubwa zinazoegemea kushoto, alizojifunza uzeeni kwenye masomo ya ngumbaru, kila moja imekandamizwa kama inataka kutoroka. Niliziiga vizuri sana. Nakumbuka nilijisifu moyoni.

Nikabeba soda mbili na mandazi manne kuelekea nyumbani. Yangu niliinywa njiani, na njia ilikuwa fupi. Nilipofika barazani jua lilikuwa linapasua mawe, ile chupa yake ilikuwa inatoa jasho la baridi, naye yuko Pap Onditi. Nikawaza: hadi arudi, hii itakuwa chai. Nikaifungua kwa meno. Mandazi yake nayo nikala, maana mandazi bila mwenyewe hugeuka jiwe. Aliporudi jioni aliniuliza kupitia ua, "Fundi, kulikuwa na nini leo?" Nikamwambia, "Hakuna kitu, Mama. Ni kelele tu za watu wa ploti."

Ng'ambo ya kijito, kwenye ukingo wa ile ploti, kulikuwa na msitu mdogo. Nauita msitu kwa heshima. Ulikuwa miti kama thelathini hivi, mikaratusi michache na iliyobaki siala, ule mti wetu wa maua ya njano unaotoa nguzo nzuri za nyumba. Ilipandwa na marehemu mume wa jirani yangu. Alikuwa mtu wa reli, na mwaka mmoja mvua ilipoteremka kutoka milimani kijito kilipanda hadi kwenye jiko lao na kuondoka na sufuria. Alimwendea mwenye shamba wa wakati huo, wakakubaliana kwa mdomo, akapanda miti pande zote mbili za ukingo. Upande wake yeye, ardhi ilikuwa mwamba na iliyoshika ilikuwa michache. Upande wa pili ilishika yote, na ndiyo iliyokuwa ikiyapunguza maji kasi kabla hayajapinda kuja kwetu. Tangu hapo sufuria hazikuondoka tena.

Alipokufa alizikwa nyumbani kwake, kama inavyotakiwa, mbele ya nyumba upande wa kulia, ambako ni karibu na kijito. Mama, ndivyo ninavyomwita huyu jirani, alimwekea simenti na vigae vyeupe. Kila Jumamosi huviosha. Kati ya vigae na ukingo kuna hatua chache, na kila mtu wa njia yetu anajua kwamba hatua hizo zinashikiliwa na mizizi.

Mwenye shamba naye akafa, watoto wake wakauza, na makubaliano ya mdomo yakaenda na midomo iliyoyasema.

Wiki chache baada ya hema kuondoka, kuna mtu alipigilia tangazo kwenye siala kubwa kuliko zote. Kwa misumari, juu ya mti wenyewe uliokuwa unashtakiwa. Lilikuwa ndani ya karatasi ya plastiki, na lilisema kwa Kiingereza cha herufi ndogo kwamba yeyote mwenye pingamizi juu ya kukatwa kwa miti hii apeleke maandishi kwenye ofisi ya kaunti kabla ya wiki mbili kuisha. Najua lilisema hivyo kwa sababu nilikuja kulisoma baadaye, likiwa chini, kwenye shina lililolala. Wakati lilipokuwa na faida lilikuwa ng'ambo ya kijito, na mimi nilikuwa na kola arobaini za kushona. Mama aliniuliza, "Mwalimu, ile karatasi inasema nini?" Nikajibu bila kuinua kichwa, "Pengine wanauza mbolea."

Pawa ililia Jumanne asubuhi. Pawa ndiyo msumeno wa injini, na asiyewahi kuisikia ikiwashwa karibu na nyumba yake afikirie nyigu aliyekula pikipiki. Mti wa kwanza ulianguka kabla sijaweka uzi kwenye sindano. Mara namwona Mama anavuka kijito, gauni amelikusanya mkono mmoja, mkono mwingine amebeba kigoda chake cha kupikia. Akakiweka chini ya siala iliyo mkabala na kaburi la mumewe. Akaketi.

Kutoka barazani kwangu nilisikia kila neno, kwa sababu walizima mashine ili wamfokee vizuri.

"Mama, toka hapo, mti utakuangukia," alisema bwana wa faili.

"Wacha iniangukie. Mzee yangu amelala hapa karibu. Hawatanibeba mbali."

"Mama, sisi hatujaja kucheza. Kibali ndiyo hii. Muhuri ndiyo hii. Nyinyi majirani wote mlikubali."

"Mimi nilikubali lini?"

Alifungua faili taratibu, kama mtu anayejua kwamba ana karata kubwa. "Hii hapa. Jina yako. Namba ya kitambulisho yako. Sahihi yako. Unataka tulete na alama za meno yako?"

Mama alitoa miwani kwenye kifua cha gauni, akaivaa, akatazama kwa muda mrefu. Sindano yangu ilikuwa imesimama. Nilijifanya natafuta kifungo.

"Hii jina ni yangu," alisema. "Lakini hii siku mimi nilikuwa Pap Onditi kwa dada yangu."

"Basi Pap Onditi inajua kuandika sana." Wakataji wakacheka. Kisha bwana yule akageuka, akanyoosha shingo juu ya kijito. "Fundi! Wewe si ulikuwa kwa mkutano? Huyu mama alikuwa ama hakuwa?"

Watu wawili walikuwa wananitazama, na kati yao mtu mmoja alikuwa ameshawahi kuniuguza malaria. Nikasema, "Nilikuwa nimeketi nyuma. Sikuona kila mtu."

Nimerudia jibu hilo kichwani mara nyingi. Ni jibu zuri la mtu anayetaka kubaki nyumbani.

Hawakumgusa. Walimzunguka tu. Walianza upande wa juu, wakaangusha moja baada ya nyingine, naye ameketi kwenye kigoda chake na vumbi la mbao limemjaa kwenye kitambaa cha kichwa. Kufikia saa sita walikuwa wameangusha kumi na moja. Bwana wa faili akamwambia mbele ya kila mtu, "Tutarudi Jumatatu, Mama. Utachoka kuketi." Mama akamjibu, "Mimi nilizaa watoto saba. Sijawahi kuchoka kuketi wala kusimama. Wewe rudi."

Alipovuka kurudi hakwenda kwake. Alikuja kwangu, akasimama mbele ya cherehani.

"Fundi, weka hiyo nguo chini. Chukua kalamu."

Nikamwandikia barua ya malalamiko, na naomba radhi kusema hivi, ilikuwa barua nzuri. Niliweka kichwa cha habari na kupiga mstari chini yake. Niliandika kwamba sahihi yake ilighushiwa na watu wasiojulikana, wenye nia mbaya na mioyo isiyo na haya. Nilimsomea, naye akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hapo kwa haya," alisema, "rudia mara mbili."

Alhamisi akanitoa nje ya nyumba kwa nguvu, tukaenda ofisi ya kaunti mjini. Afisa wa mazingira alikuwa mwanamke wa umri wangu, amevaa gambuti, vile viatu vya mpira vya mvua, ndani ya ofisi, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye ameshadanganywa tangu asubuhi na bado si saa nne. Alisoma barua yangu bila kusifu chochote. Akatoa nakala ya orodha ya mkutano.

"Ninyi ni watu wa ajabu," alisema. "Mnakunywa soda, mnatia sahihi, halafu mti ukianguka mnakuja hapa kulia. Mama, hii si sahihi yako?"

"Madam, mimi sikukuwa."

"Nani aliandika basi?"

Mama akanigeukia, kwa maana mimi ndiye mwalimu. Nikasema, "Watu wasiojulikana."

Afisa akashusha kidole kwenye orodha. "Wewe ndiye fundi? Jina lako liko hapa. La mama liko chini yako moja kwa moja. Nani alikuwa nyuma yako kwenye foleni?"

"Sikugeuka," nikasema.

"Hukugeuka."

"Hapana."

Alinitazama hadi nikaanza kusoma mabango ya ukutani. Yalikuwa ya kupanda miti. Kisha akamwambia Mama, si mimi, kwamba orodha ile ndiyo iliyozaa kibali, na bila mtu wa kusema nani aliandika, ni neno lake yeye dhidi ya karatasi, na karatasi ina muhuri. Akija aliyeandika, na kitambulisho chake, akakiri kwa maandishi ya mkono wake, orodha inaanguka, na orodha ikianguka kibali kinasimamishwa hadi wakague upya. Asipokuja, Jumatatu ni Jumatatu.

"Huyo mtu nikimpata," Mama alisema tukishuka ngazi, "nitamwosha uso na maji ya kijito." Nikamwambia ndiyo, Mama. Nikamshika mkono asiteleze.

Jumamosi mchana mvua ikaja. Haikuwa mvua kubwa. Kwa mvua za huku ilikuwa ya kawaida tu, saa moja ya kelele kwenye mabati. Lakini kijito kilikuja vingine. Zamani kilipopanda kilikuwa kinafika pale kwenye miti kikigawanyika, kikipoteza hasira. Sasa kiliteremka kimenyooka kutoka kwenye visiki, rangi ya chai ya maziwa, kimebeba matawi yaliyoachwa na wakataji, na matawi yakawa yanapiga ukingo wa Mama kama mtu anayebisha hodi.

Mvua ilipokatika nilimwona ametoka na fimbo ya kutembelea ya marehemu mumewe. Aliilaza chini, kutoka ukingoni kuelekea kaburini, mara moja, mara mbili. Akasimama. Kisha akaita, na sijui kama aliniita mimi au alimwita yeyote: "Zamani ilikuwa fimbo tatu!"

Nikavuka ua. Fimbo mbili, na kidogo. Udongo mwekundu ulikuwa umemeguka na kuacha mizizi ya mmoja wa ile michache ya upande wake ikining'inia hewani kama nyuzi za nguo isiyopindwa. Vigae vyeupe vilikuwa vimetapakaa matope, na Mama akainama kuviosha ingawa Jumamosi hiyo alikuwa ameshaviosha asubuhi. Hakulia. Angelia ningepata la kufanya. Ningemwambia mos, Mama, pole sana, ningeleta kiti. Yeye alikuwa anaosha tu, na anamsemesha mumewe kwa Kijaluo kwa sauti ya kawaida, kwamba Jumatatu wanarudi, na yeye ataketi pale pale, lakini hajui kama safari hii watamzunguka.

Nilirudi barazani. Nilishona mguu wa kaptura upande wa ndani nje. Nikaufumua, nikaushona tena vilevile.

Jumatatu niliondoka jua likichomoza, peke yangu, mimi ambaye sokoni huenda kwa kutuma watu. Nilifika ofisini kabla haijafunguliwa na nikaketi kwenye ngazi na kitambulisho changu mkononi. Afisa alipokuja na gambuti zake hakushangaa hata kidogo.

"Umegeuka?" aliuliza.

Akanipa karatasi. Niliandika kwamba mimi, fundi wa nguo, nilitia sahihi ya jirani yangu bila ruhusa yake, kwa lengo la kumchukulia soda. Hakukuwa na kichwa cha habari wala mioyo isiyo na haya. Akaisoma.

"Kwa lengo la kumchukulia soda," alirudia. "Unajua hili ni kosa? Naweza kukupeleka kituoni sasa hivi na hiyo fremu ya cheti chako. Yule mama alinisimulia Alhamisi habari ya fremu."

Hapo hasira ikanipanda, maana aibu ikijaa sana humwagika kwa mwingine. Nikamwambia, "Na nyinyi? Muhuri si wenu? Miti iko kwenye ukingo wa kijito, hata mtoto anajua ukingo haukatwi. Mbona hamkuja kuangalia?"

"Kwa sababu majirani walikubali, bwana," alisema, na sauti yake haikupanda. "Na wewe ndiye majirani."

Hilo ndilo jibu pekee nililopata kwa kaunti, na sijaweza kulivuka hadi leo. Ramani yao ilionyesha mipaka ya ploti. Mizizi haikuwa kwenye ramani. Hakuna aliyefunga viatu kuja kutazama, na hakuna aliyeulizwa kwa nini hakuja. Lakini aliyeulizwa na akajibu kwa sahihi mbili alikuwa mimi.

Alichukua kopo la rangi nyekundu, brashi, na funguo za gari. "Panda," alisema. "Utasomewa hii barua mbele ya huyo mama. Mimi sitakubebea aibu hiyo."

Tulimkuta Mama kwenye kigoda. Pawa ilikuwa imeshawashwa, na mti mmoja zaidi ulikuwa chini. Ulifanya kumi na mbili. Bwana wa faili alipoona gari la kaunti alitabasamu, akidhani ni wake. Afisa akazima tabasamu hilo kwa maneno machache, akaonyesha barua, akasema kibali kimesimamishwa na atakayegusa mti wowote wa ukingo atajibu. Akaanza kupaka rangi mashina yaliyobaki, mstari mmoja mmoja, bila haraka.

Kisha akamsomea Mama barua yangu. Yote. Kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vifaa. Alipofika kwenye soda, Mama aliinua mkono.

"Soda gani?"

Pawa ilikuwa imezimwa. Wakataji wawili walikuwa wananitazama kwa furaha ambayo sijawahi kumpa mtu yeyote kwa kazi yangu ya cherehani.

"Fundi," alisema tena. "Ninauliza. Soda gani?"

"Ya machungwa, Mama," nikasema. "Niliinywa."

Bwana wa faili ndiye aliyecheka kwanza, na alicheka hadi faili likamdondoka. "Mzee," aliniambia, akipangusa macho, "wewe umenikulia soda mbili, halafu umenisimamishia nyumba za watu sitini? Kwa hii njia yenu hakuna gari ya murram itaingia. Mtaogelea hapa mpaka mzeeke. Na mkiulizwa, mseme ni Fundi Soda."

Jina hilo lilifika mtaani kabla yangu. Murram haikuja. Mvua zilizofuata njia yetu iligeuka uji, na kila aliyeacha kiatu chake kwenye tope alijua wa kumtaja. Akina mama wawili walikuja kuchukua sare ambazo hazijaisha wakazipeleka kwa fundi mwingine. Mwenye duka la kona, mama wa kutoka upande wa Nyeri ambaye hunitania hata siku za matanga, kila nikituma mkate huuliza kwa sauti ya kusikika barabarani, "Na Fundi nimpe soda? Ama nimpe kalamu kwanza?" Wengine wakaniambia uso kwa uso kwamba ningenyamaza kiume, miti ni miti, na nyumba zingeleta wateja. Pengine. Nami nimewajibu wote kwa ukali ambao sikujua kwamba ninao, na nimepoteza wateja zaidi kwa hayo majibu.

Mama hakunisemesha. Hakunitukana wala hakuniosha uso na maji ya kijito kama alivyoahidi. Alikuja mara moja tu, akachukua kitambaa cha gauni lake kilichokuwa mezani kwangu kikiwa nusu kimeshonwa, na pini zangu zote ndani yake, akaondoka. Jumapili alilivaa kanisani hivyo hivyo, pindo limefungwa kwa pini, ili kila mtu aulize kwa nini. Barua zake sasa humpelekea mtu wa Maseno, mpwa wake anayesoma huko. Kuku wake tu ndio waliendelea kuvuka ua kuja kwangu, na hata wao nilihisi wananitazama vibaya.

Miti kumi na minane yenye mstari mwekundu bado imesimama. Ukingo uko fimbo mbili. Wiki iliyopita tuliona pikapu ng'ambo ya kijito. Mwenye ploti alikuwa ameamriwa na kaunti kurudisha alichokata, na watu wake walimwaga miche ya siala kwenye mifuko myeusi ya plastiki, lundo moja, juani, wakapiga picha na simu, wakaondoka. Amri ilisema walete miche. Inaonekana haikusema wapande.

Miche ilikaa pale siku mbili. Siku ya tatu majani yalianza kulala. Nilikuwa nimeinamia cherehani, natengeneza mfuko wa shati, nikasikia miiba ya ua inasogezwa. Mama alikuwa amesimama pale, gauni lake la pini, fimbo ya marehemu mumewe mkononi. Alitazama ng'ambo kwenye lile lundo, akatazama mimi, akatazama cheti changu ukutani kwa muda mrefu kuliko vyote.

"Wewe mwizi," alisema, "kesho saa kumi na mbili asubuhi kuja na jembe. Na soda hakuna."